Kibali cha Wifi Yangu

Miaka kumi na mmoja nilicheza bahati nasibu ya kibali cha gari la mafuta hapa Beijing, ambako bila kibali huruhusiwi kununua gari, na miaka yote hiyo simu iliniambia samahani. Lanzhen, mke wa kaka yangu, alicheza mara moja tu akapata. Mtu wa kuja, mashavu bado mekundu kwa baridi ya kwao kaskazini, akapata! Sikumsamehe, na sitadanganya kwamba nilijaribu.

Gari lake lilikuwa kuukuu na likifuka moshi, lakini kila mwezi lilimfikisha kwa mama yake, bibi wa miaka themanini aliyeishi peke yake kijijini, saa tano za njia, mahali ambapo Januari hata siki inaganda chupani. Kumfikia mama yake ndilo jambo pekee Lanzhen alilotaka katika dunia hii.

Septemba gari likafa, akalipeleka kuvunjwa. Mwenye kibali akivunja gari hupewa kibali kingine, na kwenye fomu ya simu huchagua: mafuta au umeme. Mimi nauza magari. Akanijia dukani na mfuko wa viazi vya kwao.

"Wifi, nisaidie wewe mtaalamu. Nichague lipi?"

"La umeme. Halina kelele, halina moshi, na ile siku ya wiki wanayowazuia barabarani wenye mafuta, wewe unapita tu."

"Na baridi ya kwetu je? Nikiona halinifai, nitarudi kwenye mafuta?"

"Utarudi. Kwani umeolewa nalo?"

Akacheka, akabonyeza. Sasa, ukishaingia kwenye umeme huwezi kurudi tena kwenye mafuta, na mjini hapa hata wauza maandazi wanajua hivyo. Mimi nilijua kama ninavyojua jina langu. Vibao vya namba vya kijani vya gari lake jipya la umeme nilivifunga mwenyewe, skrubu moja moja, nimetulia kama mtu aliyeshiba.

Tarehe ishirini na sita Desemba, simu ikaniambia hongera. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha. Wa kwanza kuja kunipongeza alikuwa Lanzhen, na sahani ya jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama ya kondoo.

"Wifi, leo nimefurahi kukushinda wewe mwenyewe!"

Nilikula kumi na tisa. Wiki hiyohiyo nikanunua gari la mafuta, jeupe.

Katikati ya Januari jirani wa kijijini akapiga simu: bibi ameanguka, anakohoa damu, na amekataa katakata kuondoka na mtu yeyote ila bintiye. Kaka yangu alikuwa kusini kazini. Asubuhi Lanzhen akaingia dukani, vifungo vya koti amevifunga kombo.

"Wifi, niazime gari lako siku mbili. Langu baridi hii inalimaliza chaji, litaniacha njiani."

"Gari langu halina hata mwezi. Ulichubue kwenye theluji?"

"Wifi, mama anakufa."

"Una gari zima, tena la kisasa. Lichaji vizuri, uende."

Alinitazama kidogo, akaondoka. Gari likamwishia chaji mlimani, kilomita arobaini kabla ya kijiji. Kituo cha kuchajia alichokitegemea kilikuwa kimezimwa kwa sababu ya theluji. Dereva wa lori la makaa alimkuta akitembea kwa miguu, akampakia. Alipofika, jirani alikuwa ameshamfumba bibi macho.

Baada ya mazishi alikuja dukani amefunga kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Nilikuwa ndani napangusa gari langu, ndoo ya maji kando.

"Ile fomu ilikuwa imeandikwa," alisema. "Kwa maandishi mekundu. Ukichagua umeme, huwezi kurudi. Niliisoma mara mbili."

"Sasa mbona ulibonyeza?"

"Wewe ulisema nitarudi. Nikadhani fomu ndiyo imekosea."

Ningeweza kusema neno moja tu, na nililijua. Nikamwambia siku nyingine awe anasoma vizuri, kisha nikaendelea kupangusa.

Alisimama palepale mpaka nikamaliza milango yote minne. Halafu akainama, kama alivyozoea siku zote, akaichukua ndoo yangu na kwenda kuyamwaga nje maji yangu machafu.