Sote Tulipiga Kelele

Mkuu wa kitengo cha wanyama wakubwa katika chuo kile cha udaktari wa mifugo aliitwa Chuma, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alilipata enzi za uanafunzi, akiwa msichana pekee darasani, siku fahali alipompiga teke la paja naye akainuka, akajipangusa, akamaliza kumdunga sindano. Wavulana walikuwa wamemchagulia fahali yule makusudi. Chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo hakikuwepo, basi miaka yote ya masomo, na mingine mingi ya kazi, alivalia ovaroli lake kwenye stoo ya pumba, mgongo ameuegemeza mlangoni kwa sababu mlango haukuwa na komeo. Sasa alikuwa bosi, stoo ilikuwa imetiwa komeo, na wasichana wa siku hizi walivalia humo humo. Aliyelalamika alipewa jibu moja: mimi nilivumilia.

Watu kama Chuma tunawasifu sana. Tunasema huyu kapikwa akaiva. Kilichoungulia chunguni hatukiulizi.

Mwalimu mpya alipoletwa kufundisha pale, jambo la kwanza lililovuma ni kwamba alikuwa kiziwi. Homa ilimwondolea masikio utotoni. Alizungumza vizuri tu, ila kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na maneno ya watu aliyasoma midomoni mwao. Asubuhi ya kwanza alimzungukia kila mfanyakazi, akamshika mkono, akamwomba kitu kimoja: ukizungumza nami, nitazame. Halafu akaenda kwenye kibanio, akakikagua, akarudi na ombi la pili.

Kibanio ni uchochoro wa mabomba ya chuma, upana wake umezidi wa ng'ombe kidogo tu. Kupima mimba, ng'ombe huingizwa humo. Mbele husimama mtu wa kumshika kichwa, nyuma husimama daktari mwenye glavu ndefu hadi begani, na mkono wake wote umo ndani ya ng'ombe. Hatari yenyewe ni moja. Ng'ombe akijiangusha ghafla, daktari aliyechelewa kuchomoa mkono huvunjikiwa nao kwenye bomba la nyuma kama ukuni. Aliye nyuma hayaoni magoti ya mbele yakilegea, anayeyaona ni mshika kichwa. Kwa hiyo pale chuoni, tangu zama za waliokwisha kustaafu, palikuwa na neno la kupigiwa kelele: "Analala!" Ukilisikia, unachomoa mkono kwanza, maswali baadaye.

Mwalimu mpya aliomba taa. Balbu nyekundu kwenye nguzo, mbele ya macho ya daktari, swichi yake iwe kwa mshika kichwa. Na ikitokea taa imegoma, aliye jirani naye amguse bega. "Mniguse tu," alisema. "Mimi nitajua."

Uongozi ukakubali, fundi umeme akaifunga taa wiki ile ile. Mshika kichwa, mzee wa kazi aliyeitwa Pembe, akaibatiza disko, na kila alipoiwasha kwa majaribio alitikisa mabega kidogo, wanafunzi wakavunjika mbavu. Mwalimu naye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka upesi, labda kwa sababu alikwisha kujua kwamba asiyecheka huchekwa zaidi.

Chuma hakucheka. Yeye ile taa ilimuuma, na tuseme ukweli, uchungu wenyewe ulikuwa wivu. Hakumchukia kijana. Ila yeye hakuwahi kuomba kitu mahali pale, hata komeo, akaamini kwamba huko kutoomba ndiko kulikomfanya awe mtu. Leo anakuja huyu, anaomba asubuhi ya kwanza, na anapewa.

Kisha uongozi ukaleta mgeni wa kuzungumza na wafanyakazi juu ya kufanya kazi na watu wa kila aina: wanawake, wenye ulemavu, watu wa lugha nyingine na dini nyingine. Walikaa ukumbini wakala biskuti. Mgeni akawauliza wanajisikiaje. Wote wakasema hapa sisi ni familia moja. Pembe akasema hana neno na mtu yeyote mradi kazi iende. Chuma akasema ng'ombe habagui, ukumbi ukapiga makofi, na mwalimu mpya, aliyekaa mbele kabisa, akapiga pia, akichelewa kidogo kwa kuwa ilibidi kwanza awaone wenzake wakipiga. Nje kwenye korido mazungumzo yalikuwa mengine. Tunaletewa watu wa kupambia picha ya chuo, walisema. Leo kiziwi, kesho kipofu atashika kisu cha upasuaji. Chuma alipita katikati yao. Hakuchangia, na hakumkemea mtu.

Ungedhani hakujua kuishi na asiyesikia. La hasha. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, ambaye uzee ulikuwa unamchukua masikio polepole, na kwa mama huyo Chuma alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakumwita kwa nyuma hata siku moja. Alimwendea, akamgusa begani taratibu mara mbili, akasubiri ageuke, akachuchumaa mbele yake ndipo aseme. Mama alipenda sana habari za yule mwalimu. Hawakuwahi kuonana, lakini alikwisha kumfanya ndugu yake.

"Mwenzangu hajambo?" aliuliza kila jioni.

"Hajambo, mama."

"Mnamgusa bega?"

"Ana taa, mama. Hana shida."

Taa ikafa. Mwalimu akaenda ofisini kwa Chuma kumwambia, na Chuma akasema kesho. Kwenye droo ya meza yake, pale pale alipoegemeza kiwiko, palikuwa na boksi la balbu. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mwalimu akasema basi atanunua mwenyewe, akaambiwa umeme wa chuo hauguswi na kila mtu, niachie mimi. Kumkatalia hakumkatalia. Alitaka tu kijana angoje kidogo, aonje kungoja kulivyo.

Mwalimu angeweza kusema sipimi ng'ombe mpaka taa iwake. Lakini alikuwa katika mwaka wa majaribio, ukingoni kabisa, na kubaki kwake kulitegemea neno la Chuma. Angegoma wangesema si tulijua, kazi hii haiwezi. Kwa hiyo aliwakumbusha tena: mniguse bega. Wakamwitikia kwa vichwa, wote, na sidhani kama kuna aliyedanganya. Walikusudia kumgusa.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Wanafunzi walijipanga kando ya mabomba, Pembe alishika kichwa cha ng'ombe mweusi aliyeonekana mpole, mwalimu akaingiza mkono. Chuma alisimama ubavuni pake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, mikono mifukoni. Mwalimu aliinamisha kichwa akitafuta kwa vidole. Halafu akatabasamu, kwa sababu alikuwa amempata ndama, na akafungua kinywa awaambie wanafunzi ana miezi mingapi.

"Analala!" Pembe akapiga kelele.

"Analala!" Chuma akapiga kelele.

Wanafunzi nao wakapiga kelele, na hata mfagiaji wa banda la pili alilisikia neno lile, akaacha ufagio akaja mbio. Mikono ya Chuma ilikuwa bado mifukoni. Ng'ombe alishuka na uzito wake wote, na mkono wa mwalimu ukavunjika juu ya bomba, tabasamu likiwa bado halijamtoka usoni.

Alilazwa siku nyingi. Kwenye chumba cha chai Pembe alikoroga kikombe chake akasema, "Asiyesikia la mkuu..." akaiacha hapo. Wawili walichekea ndani ya vikombe. Chuma aliketi meza ya jirani. Alijifanya hakusikia, jambo ambalo mwenye masikio mazima anaweza kulifanya apendapo.

Mkuu wa chuo aliitisha kikao, na alitaka kujua jambo moja. Je, mwalimu alionywa? Kama alionywa na bado akaumia, basi kazi hii imemshinda, na mkataba wake utaishia hapo. Kama hakuonywa kwa namna waliyopatana, kosa ni la kitengo, atatibiwa na chuo na atabaki kufundisha. Mwalimu aliletwa, mkono umefungwa plasta, akaketishwa mkabala na Chuma. Macho yake yalihama mdomo kwa mdomo.

Pembe alieleza kwamba alipiga kelele, tena kwa nguvu. Mwanafunzi aliyewawakilisha wenzake akasema hivyo hivyo, akainama. Hakuna aliyesema uongo. Ikafika zamu ya Chuma, na kila mtu mle ndani alijua kwamba lake ndilo litakaloamua. Aliliona boksi la balbu akilini kama vile droo imefunguliwa mbele ya wote. Akauona na ule mlango wa stoo, na mgongo wake wa ujana ukiusukuma. Akageuza uso dirishani.

"Alionywa," alisema. "Sote tulipiga kelele."

"Samahani," mwalimu alisema kwa sauti yake ile ya tambarare. "Sikuuona mdomo wake."

Mkuu akamrudia maneno yale, polepole, akiyaumba vizuri. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akamgeukia Chuma.

"Daktari, ulisimama karibu nami kiasi gani?"

Safari hii Chuma alilazimika kumtazama. "Karibu," alisema. Mkuu hakumwuliza zaidi, kwa kuwa jibu alilolitaka alikuwa ameshalipata. Mwalimu akawashukuru wote. Alipoinuka alitaka kufungua mlango, vidole vilivyochungulia nje ya plasta vikagoma kukishika kitasa, ikabidi ageuke atumie mkono wa kushoto. Hakuna aliyenyanyuka kumfungulia.

Jioni Chuma alikuta mama yake ameketi jikoni akichambua mchele. Alipita bila kumgusa, akafungua bomba, akaanza kuosha vyombo.

"Mwenzangu wamemwamulia nini?" mama aliuliza.

Chuma akajibu huku maji yanamwagika. Alisema yote, tena bila kujipendelea. Alisema droo, alisema mifuko, alisema dirisha. Aliyasema ukutani.

"Geuka, mwanangu," mama akasema. "Geuka nikusikie."

Chuma aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Nyuma yake alisikia kiti kikisogezwa, na hatua za kizee zikiburura kandambili sakafuni. Kisha mkono wa mama yake ukamgusa begani, taratibu, mara mbili.