Mzima Aliyeomba Kuitwa Chenga

Usiku wa kuamkia leo niliota niko mezani kwangu, natafsiri mkataba wa mchele kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kazi yenyewe inachosha: madaraja ya mchele, kurasa na kurasa. Punje iliyobakiwa na robo tatu ya urefu wake huitwa nzima. Iliyopungua hapo ni chenga.

"Andika taratibu," meza ikasema. "Unanitikisa."

Kumbe si meza. Ni chekeche la mke wangu, Mwanahawa, pana kama uwanja wa mpira, na mimi nimekaa ukingoni.

Kila ninaloandika linatekelezwa hapo hapo. Nikiandika nzima, punje inabaki juu, inapelekwa kwenye pilau ya harusi. Nikiandika chenga, inadondoka tunduni, inakwenda kwa kuku.

Mbele yangu wamesimama wawili, mrefu na mfupi, wameshikana mikono. Hadi juzi walikuwa punje moja. Mashine ya kukoboa ndiyo iliyowakata.

"Shikamoo, mfasiri," anasema mfupi. "Kifaransa wananiita brisure. Kiingereza je?"

"Broken. Yaani aliyevunjika."

"Nilidhani huko wangenionea huruma."

"Hawana habari na wewe."

Akaanza kulia. Mrefu akanikazia macho. "Mimi umeniandikaje?"

"Mzima. Hongera, unakwenda harusini."

"Bila huyu siendi. Niandike chenga."

"Una robo tatu kamili! Nikiandika uongo nitafukuzwa kazi."

"Kazi utapata nyingine. Mimi huyu nitampata wapi?"

Nikafuta nzima kwa hasira. Nikaandika chenga. Mfupi akapita tunduni. Mrefu akakwama kiunoni.

"Huyu hapiti," likasema chekeche. "Nani kakosea, mimi au karatasi?"

"Wewe," nikasema, bila haya.

"Basi samahani sana." Likajitanua. Mrefu akadondoka huku anacheka.

Nikaamshwa na kelele za Mwanahawa kutoka uani.

"Baba Shamsa! Nani kaniharibia chekeche langu? Hebu ona, tundu moja limepanuka!"

"Chenga ziko wapi?"

"Si nimeshawamwagia kuku!"

Nilitoka mbio na msuli, bila hata kandambili. Kuku walikuwa wameshamaliza kila kitu. Zilibaki punje mbili tu mchangani, ndefu na fupi, na jogoo amezipa mgongo.

Nikainama kuokota ile ndefu. Fupi ikaja nayo.