Malenga wa Lindi Gani?

Bango lilikuwa limefungwa juu ya mlango wa ukumbi. Shiundu alilisoma mara mbili akidhani jua limemchezea macho: KARIBU MALENGA WETU KUTOKA LINDI, TANZANIA.

Ni kweli alitoka Lindi. Lindi ya Kibera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, ambako hugonga masanduku ya bati mchana kutwa, na ambako alijifunza vina na mizani peke yake, kwa ubishi. Kila shairi lake alilifunga kwa ubeti wa kujitaja, kama ilivyo ada ya washairi: Shiundu wa Lindi. Ubeti huo ndio uliomponza. Shairi lake moja lilisomwa redioni, waandaaji wa tamasha la mtaa wa Kawangware 46 wakalisikia, wakampigia simu aje awafungie siku. Hakuna aliyemuuliza Lindi ipi. Naye hakueleza, maana kwake Lindi ilikuwa moja.

Alimkuta mwandaaji mkuu, Bwana Kabiru, nyuma ya jukwaa.

"Mzee, bango lako lina makosa. Mimi ni wa Lindi ya hapa. Kibera."

Kabiru alicheka, kisha akaona kijana hacheki. "Kibera? Wacha mchezo! Kiswahili kile?"

"Kile kile."

"Sasa sikia, kijana wangu." Kabiru alimshika bega. "Watu wamejaa kumwona mgeni. Panda, soma, shuka. Na ukivuta maneno kidogo kama Mtanzania, itakuwa tamu hata zaidi."

"Nivute maneno?"

"Kidogo tu! Na mwishoni usiongeze kitu. Lindi ni Lindi."

Shiundu alipanda jukwaani. Hakuvuta neno hata moja. Alisoma beti tatu kwa sauti yake ya kila siku. Kwenye meza ya mbele, jaji wa tamasha, Mwalimu Khamala, alipiga meza kwa furaha.

"Hicho ndicho Kiswahili cha wenyewe!" alisema. "Vijana wa Nairobi, sikieni!"

Makofi yakalipuka. Shiundu aliyasikia yakimpita, yakienda kwa mtu mwingine asiyekuwepo. Ulibaki ubeti mmoja, ule wa kujitaja. Ausome hivyo hivyo, umtupie mgeni wao sifa zote? Hapana.

"Mwalimu, wenyewe ni akina nani?" aliuliza. "Mimi ni wa Lindi, Kibera. Nimekuja na boda boda."

Kijana mmoja wa safu ya mbele akamgeukia jirani yake, akapaza sauti kwa Sheng: "Kumbe ni msee wa Kibera! Buda, tumeuziwa feki!"

Kicheko kikazunguka ukumbi.

"Feki ni nini hapa?" Shiundu alifoka. "Hapa hapa Kawangware si mna mtaa mnaouita Congo? Mama mboga wa Congo ni mkimbizi? Na akija mtu wa mtaa wa Soweto, jirani yangu kule Kibera, mtamdai pasipoti ya Afrika Kusini?"

Walicheka zaidi, lakini Mwalimu Khamala hakucheka. Alivua miwani.

"Kijana, beti zako ni nzuri. Nzuri mno," alisema polepole. "Uliandikiwa na nani?"

Swali hilo lilimuuma kuliko kicheko. Dakika chache tu zilizopita beti hizo hizo zilikuwa za wenyewe. Sasa zilikuwa za wizi. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Nipe kina, Mwalimu. Chochote. Nitunge hapa hapa."

Khamala alimtazama Kabiru. Yule kijana wa mbele ndiye aliyejibu, kwa dhihaka: "Tupe cha Kibera basi!"

"Haya. Kina ni ra, kama Kibera," alisema Shiundu.

Kabiru alikuwa tayari ameshamwashiria fundi wa mitambo. Maikrofoni ikazimika. Shiundu akaiweka chini, akasogea ukingoni mwa jukwaa, akaanza kwa sauti tupu:

*Shiundu ni jina langu, Lindi hii ya Kibera,*
*Mabati ni kazi yangu, na shairi si hasara,*
*Na lugha hii ni yangu, sikupewa kwa ijara…*

Safu ya mbele iliacha kucheka. Yule kijana alikuwa akihesabu mizani kwa vidole. Lakini huko nyuma, watu walishaanza kuburuta viti na kutoka.

"Hatusikii!" mmoja alipiga kelele.

Shiundu akapaza sauti zaidi, akarudi mstari wa kwanza.