Faini Niliyotozwa na Ponsiano

Haya nitakayoyaandika ni kweli tupu, wallahi, na anayebisha aje Kwamndolwa aniulize mimi Mhina mwenyewe. Ni kweli kama ilivyo kweli kwamba nilipokuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge niliwahi kupima robota la katani lenye chui ndani, chui mzima, akatulia tuli mpaka nilipomaliza kuandika uzito, ndipo akatoka akaenda zake porini bila kumgusa mtu. Mizani niliitumikia miaka thelathini na mmoja. Siku ya kustaafu nilipewa kiti cha kukunja, mbao ya mvule na turubai la kijani, na nyuma yake kibao cha bati chenye jina langu. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejisomesha kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua.

Kiti hicho nilikuwa nakiweka kila asubuhi mbele ya duka la fundi Ponsiano, na hapo ndipo watu walipokuja kunisikiliza. Babu yake Ponsiano aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, akafia huku huku. Mnyamwezi kwa Mzigua kama mimi ni mtani wake, hata kama Tabora yenyewe anaijua kwenye ramani tu. Kwa hiyo mimi na Ponsiano tulitukanana kuanzia shikamoo hadi kwa heri, na hakuna aliyenuna. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mpole, hana mke. Alimlea mpwa wake, Pendo, aliyefiwa na mama akiwa wa miaka mitatu. Mtoto huyo alikuwa na kichwa. Mtihani wa darasa la saba aliongoza kata nzima, na mjomba wake alikibandika kikaratasi cha matokeo ukutani juu ya cherehani, pale wengine wanapobandika kalenda.

Diwani wetu, Mheshimiwa Sabiri Ukasha, aliingia madarakani kwa ahadi mbili. Ya kwanza ilikuwa hati za karo: karatasi yenye muhuri, mzazi asiye na uwezo anaipeleka kwenye ile shule ya bweni ya kulipia kule Vugiri, na mwanawe anapokelewa kama watoto wa wenye nazo. Hati kumi na mbili kila mwaka. Ya pili ilikuwa kulinda maadili, na hapo alimaanisha wanaume wanaopenda wanaume, maana aliwataja kila alipopewa kipaza sauti, hata kwenye uzinduzi wa kisima. Ya kwanza aliitimiza, tusimnyime haki yake. Pendo alipata hati, na mjukuu wangu Shamimu alipata pia, jina la kumi na moja. Ya pili ilimsumbua. Uchaguzi ulikaribia, kipeperushi kilitakiwa kwenda kupigwa chapa, na upande wa maadili hakuwa na kitu cha kuandika, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwona mtu wa namna hiyo Kwamndolwa, au kama alimwona alikuwa amejinyamazia.

Ndipo akafariki Mzee Mwinjuma. Msibani watani tunajua kazi yetu. Waliofiwa wamelia siku mbili, mtu lazima awafungue vifua. Ponsiano alianza yeye: akavaa kanzu ya marehemu kinyumenyume, akanidai nilipe mizani ya mbinguni niliyoiharibu. Nikaona nisishindwe. Nikasimama juu ya kinu nikatangaza kwamba Ponsiano amechumbiwa. Mchumba ni mwanamume wa Vugiri, mkulima wa kabichi, ana masharubu marefu mpaka akila huyafunga nyuma ya masikio. Mahari imeshateremka, magunia arobaini na mawili ya kabichi na beberu mmoja, lori limekwama njiani, na beberu ameila nusu ya mahari. Watu walicheka mpaka mjane wa Mwinjuma akaegemea ukuta akifuta machozi. Ponsiano mwenyewe alicheka akakaa chini. Kisha akanidai kuku kwa kumtukana, nikampa, akamla, yakaisha. Ndivyo utani unavyoisha.

Ila Mheshimiwa naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na hakucheka.

Wiki tatu baadaye niliitwa ofisi ya kata, mbele ya kamati ya hati. Walikuwa watano, na katibu wao alikuwa Mama Dorkasi, mwalimu mstaafu, mbele yake daftari kubwa. Mheshimiwa alinisalimia vizuri, akaagiza niletewe chai, akamuulizia Shamimu anaendeleaje na masomo. Nikasema anaendelea vizuri. Akasema anafurahi, maana hati hupitiwa upya kila mwaka na angependa mtoto huyo amalize. Halafu ndipo akaniuliza kama ni kweli nilisema, mbele ya watu, kwamba fundi Ponsiano ana mchumba mwanamume.

Msomaji, hapo palitaka maneno mawili tu: nilikuwa natania. Mtoto wa miaka mitano angeyasema. Lakini nilimtazama Mheshimiwa, nikaifikiria orodha yenye jina la kumi na moja. Na kulikuwa na kingine, ambacho ni aibu zaidi: katika maisha yangu yote sikuwahi kuitwa ofisini watu watano wenye kalamu waninukuu.

"Nilisema niliyoyasema," nikajibu.

"Kwa hiyo hukani."

"Sikani."

Mama Dorkasi aliinua kalamu, akanitazama juu ya miwani kwa muda, kama anayenisubiri. Mimi nikanywa chai. Akaandika.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Barua ilisema hati haiwezi kukaa kwenye nyumba ambayo mlezi wake ana mashaka ya maadili. Pendo alikuwa ndiyo kwanza anarudi shule kuanza kidato cha tatu. Alipanda Vugiri na tranka lake, akazuiwa getini, akateremka nalo siku hiyo hiyo. Kwenye mkutano wa hadhara Mheshimiwa alisema ameanza kusafisha, hakutaja jina, na watu wote wakageuka kulitazama duka. Kesho yake kina mama walipita mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, vingine vimekatwa bado havijashonwa. Kazi ya sare za shule, iliyomlisha miaka kumi, alipewa fundi mwingine. Mtu akaandika neno kwenye mlango kwa mkaa. Ponsiano alilifuta, likaandikwa tena, akaliacha.

Mimi niliendelea kukaa mbele ya duka siku chache, kisha nikakihamishia kiti upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli. Huko vijana walikuwa wananinunulia chai niwasimulie tena ya masharubu. Niliwasimulia. Nafikiri mara nne.

Mke wangu, Mwaija, hakucheka hata mara moja. Kanga zake zote alipindiwa na Ponsiano. Aliniambia niende kwenye kamati nikaseme nilikuwa natania. Nikamwambia nitakwenda Jumatatu. Jumatatu nikamwambia Mheshimiwa amesafiri. Aliniambia hivyo wiki nzima, halafu akaacha, na Mwaija alipoacha kuniambia jambo ndipo nilipojua ni kubwa. Ponsiano akafunga duka, akapakia cherehani kwenye basi la Handeni, akahamia Chanika yeye na mtoto. Alipita mbele yangu. Nilikuwa nimekwishaandaa tusi la kumuaga, kama kawaida yetu, likanikwama. 

Mwaija aliugua mwezi wa tano, kifua, na akaniachia dunia hii asubuhi moja ya mvua kabla hajamaliza uji. Siku zake za mwisho aliniuliza mara moja tu kama nimekwenda. Nikamwambia nimekwenda. Huo ndio uongo wa mwisho niliompa mke wangu, na ulikuwa mwepesi kuliko yote.

Tulimpeleka makaburini alasiri. Watu walikuwa wengi, na Mheshimiwa alikuja na watu wake, kofia ya viua, uso wa msiba. Lakini palikuwa na ukimya mbaya. Hakuna mtani aliyejitokeza kutania. Wanyamwezi wa kambi ya zamani ya mkonge walikuwa wamekaa kando, wametulia kama wageni, na nilielewa kwa nini: baada ya yaliyompata Ponsiano, nani angethubutu kumtania mtu Kwamndolwa? Neno lako linakwenda kuandikwa.

Jeneza lilipokaribia kaburi, mtu alipenya katikati ya watu, akavua viatu, akateremka shimoni na kulala chali. Alikuwa Ponsiano. Amekonda, shati limelowa, ametoka Handeni na basi la mchana.

Nikasikia watu wakishusha pumzi. Mtani amefika.

Kwa desturi, mtani akilala kaburini hatolewi kwa nguvu na hakasirikiwi, analipwa. Nikasogea ukingoni nikamwambia nitampa kuku.

"Kuku wako nilishamla," akasema kutoka chini. "Huyu mama alikuwa rafiki yangu, simwachii nafasi kwa kuku. Mzee Mhina, mchumba wangu wa Vugiri anaitwa nani?"

Watu walitabasamu. Walidhani ndiyo mchezo unaanza. Na Mungu anisamehe, jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, Isaka, na ukoo wake, na rangi ya beberu. Nilitazama jeneza la Mwaija begani mwa watu, limefunikwa kanga aliyopindiwa na huyu aliyelala mle ndani.

"Sijui," nikasema.

"Umewahi kumwona?"

"Sijamwona."

"Mimi nampenda nani?"

"Sijui."

"Miaka ishirini unakaa mlangoni kwangu. Umewahi kuniuliza?"

"Sijakuuliza."

"Basi waambie wote. Sema kwa sauti, kama ulivyosema juu ya kinu."

Nikageuka. Nikasema kwamba mimi Mhina sijui lolote kuhusu mtu huyu isipokuwa kwamba anashona vizuri na amelea mtoto wa dada yake. Kwamba masharubu, kabichi na beberu nilivitoa kichwani. Kwamba niliulizwa kwenye kamati nikajua jibu na sikulitoa. Sauti yangu huwa inafika mbali. Siku hiyo ilibidi nirudie, waliokuwa nyuma wasikie.

Mheshimiwa alitazama saa. "Ndugu zangu," akasema kwa upole, "huo ni utani tu wa watani, tusimcheleweshe marehemu."

Ponsiano alikaa kitako mle kaburini, udongo mwekundu mgongoni.

"Kumbe Mheshimiwa unaujua utani," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imeanza tena, na watu walitazama chini, kila mmoja miguu yake. Mheshimiwa akatengeneza kofia. Nikampa Ponsiano mkono nikamvuta juu, na alipokuwa karibu na sikio langu akasema bado faini haijatimia, anataka na kiti. Kisha akasaidia kumteremsha Mwaija, taratibu, kama mtu anayepitisha kitambaa chini ya sindano.

Nilidhani maneno yangu yatarudisha kitu. Nilikwenda kwa Mama Dorkasi kesho yake. Akafungua daftari akanionyesha: hati ya Pendo ilikwisha kupewa mtoto mwingine, na mtoto huyo hana kosa. Nikamwambia basi ile ya Shamimu apewe Pendo. Akasema hati haihamishwi, na hata kama ingehamishwa, kwanza nimpe Ponsiano taarifa hiyo nione atasema nini. Kipeperushi kilitoka vile vile, ahadi mbili zimetimizwa, hati upande huu na maadili upande ule. Uchaguzi ulipofika, Mheshimiwa alishinda.

Baada ya arobaini nilikikunja kiti, nikakibeba mpaka stendi, nikapanda basi la Handeni. Kondakta alitaka kukiweka juu ya basi, nikakataa, nikakipakata. Chanika niliuliza fundi Mnyamwezi, nikaelekezwa chumba cha mwisho nyuma ya kinu cha kusaga. Ponsiano alinikaribisha bila tusi. Hilo liliniuma kuliko tusi. Nilimweleza habari ya hati ya Shamimu, nilivyotaka kuitoa.

"Usimlipishe mtoto," akasema, na hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Nikakikunjua kiti. Pendo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anashona vifungo kwenye mashati meupe. Nembo ya mfukoni niliitambua: ni ya shule ya Vugiri. Fundi mkubwa wa mjini hapo alipata kazi hiyo, akawagawia wadogo vifungo. Mtoto akahama kutoka kwenye ndoo, akakaa kwenye kiti, akajaribu turubai kwa mgongo.

"Shikamoo, babu," akasema. "Ni kizuri." Akakata uzi kwa meno, akachukua shati lingine. Alikuwa ameyapanga kwa ukubwa, na alijua, nadhani, ni shati gani lingemtosha yeye.

Nilitaka kuaga. Akaniuliza, sindano mkononi, kwa sauti ya mtu anayehesabu vifungo:

"Babu, na yule chui wa kwenye robota? Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala namuwaza. Alikwenda wapi?"

Ponsiano alisimamisha cherehani. Nilitafuta pa kukaa, nikakumbuka hapapo, nikabaki nimesimama mlangoni.

"Hakukuwa na chui, mjukuu wangu," nikasema. "Ilikuwa katani tu."