Bitana ya Soji

Mabruki alikuwa mtu wa kinyaa na jambo hilo hakulifanya siri. Kikombe alichonywea mwenzake alikisuuza mara mbili, mwenyewe akimtazama. Kabla ya kushika usukani wa gari la Sheikh Humoud alifuta mikono kwa kitambaa cheupe alichokifua kila jioni. Kwa hiyo asubuhi moja Sheikh alipomtupia soji miguuni na kumwambia, "Bitana yako hiyo," Mabruki aliruka nyuma kama aliyetupiwa nyoka.

Soji lile, godoro la kutandikwa mgongoni mwa punda, lilikuwa la punda aliyekufa mwaka uliopita kwa kidonda cha mgongo. Hakuna aliyelifua. Nusu moja ilikuwa na jasho na manyoya tu. Nusu ya pili ndiyo iliyokalia kidonda. Usaha ulikuwa umeingia ndani ya sufi ukaganda, mvua ya paa bovu la banda ikaulainisha tena, na vitu vyeupe vidogo vilikuwa vikitembea kwenye mishono.

"Dukani Chake Chake yapo mablanketi mazito, Sheikh," alisema Mabruki, akipumua kwa mdomo. "Kipande kimoja kingetosha masanduku yote mawili ya gari."

"Blanketi nilivike gari? Gari lina homa?" Sheikh Humoud alichota ugoro kwa kidole gumba, akauvuta puani, akapangusa mabaki kwenye mkono wa kanzu. "Kata hilo, uyafunike masanduku kwa ndani. Kesho nataka nisisikie hata kijiko."

Gari lenyewe lilinunuliwa Unguja likiwa limekwisha kutumika, mwaka 1937, karafuu zilipopanda bei. Injini yake ilikuwa nzima. Kelele zilitoka masandukuni. Katika kisanduku cha mbele Sheikh aliweka kijaluba cha tambuu, kopo la ugoro na shada la funguo. Katika sanduku la chini ya kiti cha nyuma, pale alipokaa mwenyewe, mlikuwa na jeki, spana na pampu. Yote mawili yalikuwa ya bati na vilivyomo vyote vilikuwa vya chuma, na barabara ya kwenda Mkoani ilikuwa ya mawe. Gari likipita bonde moja lilisikika bonde la pili.

Waliokuwa wakilisikiliza ni wanawake wa shamba lake la karafuu. Tangu enzi za baba yake Sheikh, karafuu za mtini zilikuwa za mwenye shamba, na zilizoanguka chini zikafunikwa na majani ziliokotwa na waliokaa humo. Mwaka ule Sheikh alikataza. Atakayekutwa ameokota, alisema, nyumba yake itavunjwa siku hiyo hiyo. Wanawake wakaendelea kuokota, masikio yao yakiwa barabarani. Likisikika bati, kila mmoja alimwaga alichokuwa nacho chini ya majani, akaondoka mikono mitupu. Mmoja wao alikuwa Bi Masika, mama yake Mabruki, na kibanda chake kilikuwa juu ya kilima, ndani ya shamba lile lile.

"Gari langu linanitangulia kufika," Sheikh alikuwa amelalamika kwa Mmanga, nokoa wake, msimamizi wa shamba. Mabruki alikuwapo, na alielewa bitana ile ni ya nini. Lakini alijiambia kwamba kazi yake ni gari, na kwamba mama amekwisha onywa.

Alilikata soji katikati. Nusu mbovu aliisukuma kwa kijiti hadi nyuma ya banda. Nusu nyingine aliifua kwa majivu na ndimu, akaianika, akaipigapiga kwa fimbo mpaka ikaacha kutoa vumbi. Akapima kila ubavu wa sanduku, akakata, akapigilia vijisumari vya kichwa kipana, akazungushia spana kila moja mfuko wake. Alipoliwasha gari na kulipitisha kwenye mawe alisikia injini peke yake. Alifurahi. Ilikuwa kazi safi, na hakuwahi kufanya nyingine iliyo bora kuliko ile.

Kesho yake walimkuta Bi Kijakazi, bibi kizee mmoja wa waokotaji.

Gari lilisimama chini ya kilima, maana baina ya mikarafuu halikuweza kupita. Sheikh akapanda kwa miguu na bakora yake, Mabruki nyuma akimshikia mwavuli. Bi Kijakazi alikuwa amechutama, amewapa mgongo, akiimba kwa sauti ndogo. Sheikh aliinua pindo la kanga yake kwa ncha ya bakora, kama mtu anayefunua mzoga. Karafuu zikamwagika.

"Nyengine ziko wapi?"

"Hakuna nyengine, Sheikh. Wallahi ndizo hizo."

"Fungua kinywa."

Bibi kizee akafungua. Sheikh akaingiza kidole, kile kile cha ugoro, chenye wekundu wa tambuu hadi kwenye ukucha, akakipitisha chini ya ulimi, kisha shavu la kulia, kisha la kushoto, bila haraka, kama anayekagua punda mnadani. Hakupata kitu. Akakitoa kidole kikiwa na uzi wa mate, akaunyosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Kitambaa."

Mabruki akampa kile cheupe. Sheikh akajifuta, akamrudishia. Kitambaa kilikuwa na doa la kahawia na jekundu, na kilikuwa na joto. Mabruki akakikunja kwa ncha za vidole, doa likiwa ndani. Alasiri Mmanga na watu wake waling'oa makuti ya nyumba ya Bi Kijakazi.

Jioni Mabruki alipopanda kwa mama yake, alimkuta Bi Kijakazi pembeni ya ukuta na kata ya maji. Alikuwa akisukutua, akitema, akichota tena.

"Tokea mchana yuko hivyo," alisema Bi Masika. "Mwanangu, hilo gari limekuwa bubu?"

"Nimelitia bitana."

"Weye?"

"Niliamrishwa, mama."

"Na kuifanya vizuri hivyo, uliamrishwa?"

Mabruki akasema, "Basi usende kuokota."

"Tule nini? Tukale hiyo bitana yako? Sasa tu wawili humu. Leo kavunjiwa Kijakazi, kesho mie, na weye utakuwa umemshikia mwavuli."

Kuing'oa bitana asingeweza. Bati likilia mara moja tu, Sheikh angemtafuta dereva mwingine, na huyo angelinyamazisha tena. Mabruki alilifikiria jambo hilo njia nzima kama anavyofikiria injini iliyogoma, akiondoa kimoja kimoja kisichowezekana. Kilichobaki kilikuwa nyuma ya banda.

Asubuhi alimwambia Sheikh kwamba sanduku la nyuma linahitaji tabaka la pili. Sheikh akasema lifanywe.

Kwa kijiti haikuwezekana. Ilimbidi aliinue soji kwa mikono. Sufi ilimpasukia viganjani, yenye utelezi na ya vuguvugu kwa jua, na vile vitu vyeupe vikapanda hadi viwikoni. Alitapika mara ya kwanza alipokikunja kile kipande, na mara ya pili alipokilowesha maji ili kisikauke upesi. Akakisukuma nyuma ya bitana safi, chini ya kiti cha Sheikh, akapigilia misumari kwa nafasi sawa kama mwanzo. Hata katika kazi ile hakuweza kuipinda safu.

Mchana jua liliwaka na injini ikapata moto. Harufu ikatoka. Haikuwa ya mzoga tu. Ilikuwa na utamu ndani yake, na utamu huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. Nzi waliingia garini wakakataa kutoka. Bi Thuraiya, mke wa Sheikh, alipanda, akashuka, akasema leo anapenda kutembea. Sheikh mwenyewe alikaa juu ya sanduku, akavuta ugoro wake, akatulia. Pua ile ilikuwa imekufa miaka mingi. Hata udi wa nyumbani kwake aliambiwa tu kwamba umefukizwa.

Kanzu yake ikashika harufu, na joho, na kilemba. Alipopanda kilimani upepo wa kusi ulikuwa ukimpiga mgongoni, nao ukaipeleka harufu ile mbele yake, ndani ya harufu safi ya karafuu, ambamo uchafu ule ulijitenga kama tone la damu ndani ya maziwa. Alipofika alikuta majani yaliyopekuliwa, na hakuna mtu.

Ikawa hivyo siku ile na siku zilizofuata.

"Gari halina sauti," alisema Sheikh, akilipigapiga kama farasi. "Miguu yangu haina sauti. Hawa wananijuaje?"

Mmanga alikuwa amejiziba pua kwa ncha ya kilemba. Alimtazama Mabruki, akalitazama sanduku, na nzi waliokuwa juu yake. Mama yake Mmanga naye alikaa shambani.

"Labda wachawi, Sheikh," alisema.

Ijumaa msikitini, watu waliomkaribia Mabruki walisogea mbali, hata safu ikabaki na pengo kulia na pengo kushoto kwake. Imamu akageuka, akahimiza watu washikane mabega. Hakuna aliyesogea karibu. Mabruki alikuwa amejisugua kwa ndimu mpaka ngozi ikawaka, na kila aliposujudu viganja vyake vilimnukia usoni.

Alipopanda kwa mama yake, Bi Masika alimcheka tangu mlangoni. "Haya, kafika! Mie nilikwisha jua ulipokuwa kisimani." Akamwekea muhogo na samaki. Mabruki akautazama mkono wake, akausogeza mbali na sahani.

Bi Kijakazi ndiye pekee aliyekaa karibu naye. Alikunywa maji, safari hii akayameza, kisha akakumbuka alikuwa na nani. Akakishika kikombe bila kujua akiweke wapi.

"N'shakinywea, baba. Ngoja n'kusuuzie."

Mabruki alikitazama kikombe, na mdomo wa bibi kizee uliokuwa bado na unyevu. Akakipokea, akanywa maji yote yaliyobaki.