Plagi Iliyong'ata

Baba aliirusha plagi kana kwamba ameshika kaa la moto. "Imeniuma!"

Mwanawe wa kiume alikuwa mlangoni akitafuta funguo za teksi yake. Akageuka. "Imekuumaje, Mzee? Si umeichomoa mwenyewe ukutani? Hiyo hapo, inaning'inia kama mkia wa panya. Umeme utoke wapi?"

"Ulikotoka sijui. Ulikofika najua."

Kijana akamtupia jicho dada yake mshonaji. Tangu baba yao apooze mkono na mguu wa kushoto, kijana alikuwa akisema treni ile ya kuchezea, iliyotandazwa mezani na reli zake, ifungwe sandukuni. Leo Mzee anaumwa na umeme usiokuwapo, kesho atawaunguzia nyumba. Dada ndiye aliyekuwa akimkingia kifua. Baba alikuwa ameendesha garimoshi maisha yake yote, na sasa kutoka kitandani hadi dirishani ilikuwa safari nzima. Meza ile ndiyo kazi pekee iliyombakia.

"Jumamosi naleta sanduku," kijana akasema.

Baba alikiokota kitambaa chake, akakikunja, akakikunja tena. Kila alipomaliza kuiendesha treni yake, alichomoa plagi akayafuta meno yake yasishike kutu. Leo, kati ya plagi mbili, alikuwa ameanza na iliyo karibu.

Kile kitambaa kilimchoma dada moyo. Akamwomba Mungu kimoyomoyo amfumbue macho, kisha akapiga magoti na kuchungulia chini ya meza.

Waya zile alizifunga yeye mwenyewe, kwa elimu yake ya darasa la jioni la umeme. Mabehewa yalipoongezeka, transfoma moja, kile kisanduku kinachoshusha umeme wa ukutani, ilianza kuzidiwa, naye akaongeza ya pili. Kila moja ililisha nusu ya reli, na kila moja ilikuwa na plagi yake na soketi yake. Alivyojivunia kazi ile! Sasa aliona treni imesimama juu ya kiungo cha nusu zile mbili, magurudumu mengine huku, mengine kule, na transfoma ya kwanza bado inawaka.

Akatoa mkobani taa yake ya kupimia, akaugusisha kila waya wake kwenye jino moja la ile plagi.

"Angalia, mama! Itakuuma!" baba akapiga kelele.

Taa ikawaka.

"Salaale!" Kijana akasahau funguo. "Plagi iko nje, na taa inawaka?"

"Treni imeziunganisha," dada akasema. "Transfoma haichagui mlango. Ukiingiza umeme mkubwa kwa mbele, nyuma unatoka mdogo. Ukiingiza mdogo kwa nyuma, mbele unatoka mkubwa, kama wa ukutani. Hii iliyowashwa imeilisha mwenzake kinyumenyume." Akaizima. "Baba, nisamehe. Ni mimi niliyekosea, nusura nikuue."

Baba aliutazama mkono wake wa kulia, ule mzima. "Mimi nilishaanza kumwamini huyu ndugu yako," akasema polepole. "Nilidhani na mkono huu nao umeanza kuniongopea. Mungu mkubwa. Kumbe bado mkweli."

Kijana akainamisha kichwa, akatoka.

Jumamosi alirudi na mfuko wa plastiki.

"Sanduku liko wapi?" baba akauliza.

"Limekwama kwenye foleni, Mzee." Akatoa ekstensheni ndefu yenye soketi kadhaa na swichi moja nyekundu.

Dada akachomeka transfoma zote mbili humo, akazifunga plagi zake kwa utepe ili mtu asichomoe moja peke yake. Akapima kama umeme wa zote mbili unakwenda pamoja. Zilikuwa zinapingana, basi akageuza waya za moja. Sasa swichi ilikuwa moja, na ukutani plagi moja tu.

Treni ikavuka kiungo bila hata cheche. Ilipokwisha kuzunguka, baba akazima, akachomoa plagi, akamnyooshea mwanawe.

"Shika."

Kijana akaruka nyuma. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka!"

"Aliyeumwa si mimi? Wewe unashtukia nini?"

Dada alicheka hadi machozi yakamtoka, lakini taa yake ya kupimia hakuisahau. Akaigusisha. Haikuwaka. Akagusisha tena, ili awe na hakika.

"Futa sasa, baba."

Naye akakikunjua kitambaa, akayafuta meno ya plagi moja baada ya jingine, bila haraka.