Mafuta ya Cherehani kwenye Breki

Fundi cherehani hakuvumilia kitu kinacholia. Bawaba, kiti, baiskeli ya jirani: kila mlio kwake ulikuwa kiu, na kila kiu aliitibu kwa kikopo cha mafuta chenye mdomo mwembamba kilichokaa kando ya cherehani yake. Asubuhi hiyo, mkewe akiwa ndani anamsaidia mama yake kuvaa viatu, alichuchumaa mbele ya pikipiki iliyokuwa ikipiga mayowe kila ilipofungwa breki, akaidondoshea mafuta ile sahani ya chuma ya gurudumu la mbele. Alitaka mkewe, ambaye ndiye dereva wa nyumba, ashangae mwenyewe njiani.

Mama na binti wakaondoka nayo kwenda hospitali, iliyoko chini ya mteremko mrefu.

Punde akaingia fundi pikipiki kuchukua suruali yake.

"Shemeji yuko wapi? Nimempatia pedi mpya za breki. Zile za mbele zimekwisha, ndiyo maana zinalia."

"Hazilii tena," alijibu kwa majivuno. "Nimetia mafuta."

"Wapi?"

"Kwenye ile sahani."

Suruali aliyokabidhiwa ikamponyoka fundi pikipiki mkononi. "Ndugu yangu! Breki inakamata kwa kusuguana. Ukishaipaka mafuta, itakamata nini?"

Fundi cherehani akapiga simu, ikaita hadi ikakata. Mkewe hapokei simu akiwa barabarani, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsifu kwa hilo mbele za watu. Akapiga tena. Kisha akajikuta amepanda pikipiki nyuma ya fundi yule, futi ya kupimia ingali shingoni, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo.

"Ongeza mwendo!"

"Nikiongeza, tutawakuta wodini tukiwa wagonjwa wenzao. Tulia."

Hakutulia. Kila honi ilimpasua moyo. Kila kundi la watu kando ya barabara lilimfanya afumbe macho, kisha ayafumbue haraka, akiogopa kutoona kuliko kuona.

Waliwakuta pale barabara inapoanza kuinama. Pikipiki imesimamishwa pembeni; mama mkwe ameketi juu ya tofali, mkoba mapajani; mkewe amechuchumaa, ananusa kidole chake.

"Kabla ya mteremko huwa najaribu breki zote mbili," alisema bila kugeuka. "Nimebana ya mbele, chombo kikaendelea na safari zake kana kwamba sijakiambia kitu. Ya nyuma ndiyo iliyotuokoa." Akainua kidole. "Harufu hii naijua. Imo kwenye mashuka yangu yote."

"Ilikuwa inalia, mke wangu. Nikaona nikufurahishe."

"Ilikuwa inalia ili nijue imekwisha!"

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema taratibu, "mimi magoti hulia nikipanda ngazi. Tafadhali, mafuta yako yaache hukohuko."

Fundi pikipiki alicheka, mke wa fundi cherehani hakucheka. Alimwomba fundi ampeleke mama hospitali, polepole, kisha akamkabidhi mumewe usukani.

"Tunaikokota mpaka gereji. Sahani itasafishwa, pedi zitabadilishwa. Na kitu changu kikilia tena, uniulize mimi kwanza."

"Nitakuuliza."

Wakaanza kurudi kwa miguu. Hakuweza kujizuia: kila baada ya hatua chache vidole vyake vilibana breki ya mbele hadi mwisho, na gurudumu likaendelea kuzunguka, kimya.